Kabla ya Msingi na Baada ya Paa

Kijana akinijia kutaka ushauri wa biashara ya kujenga nyumba na kuuza, suali lake la kwanza huwa bei ya saruji. La pili ni nondo. Akiwa ameshafuatilia kidogo, la tatu ni nani aliyenichorea ramani. Namjibu yote, halafu nangoja aniulize habari za warithi, na haniulizi.

Kwa hapa kwetu Zanzibar fedha ya mjenzi haipotei kwenye saruji. Inapotea kabla ya msingi, kwenye ardhi na watu wake, na inapotea tena baada ya paa, wakati nyumba imesimama inang'aa na hakuna anayeilipia. Sehemu ya katikati, ile ya vumbi na kelele ambayo kila mtu anaiogopa, ndiyo nyepesi. Fundi yupo, mchoro upo, ukuta ukienda upande unavunjwa na kujengwa upya. Kiwanja chenye ugomvi hakina pa kuvunja.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, kazi zangu ziko Unguja na Pemba. Nilianza na vyumba vya kukodisha Fuoni, nikaja kwenye nyumba za kuuza, na siku hizi najenga majengo madogo ya fleti, ghorofa tatu au nne hivi. Si katika wale wenye mabango makubwa kwenye njia ya uwanja wa ndege. Wenye mitaji ya mamilioni ya dola wana mawakili wao, hawana haja ya kunisoma mimi. Nasema na yule mwenye kiwanja kimoja, akiba ya miaka kadhaa na ndugu yake Maskati anayemwambia "anza tu, nitakutumia."

Soko lipo, hilo halina shaka. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ile ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Visiwa ni vile vile. Hao wote wanalala mahali, na wengi wanataka kulala karibu na mjini. Ndiyo maana kila mwenye kiwanja anajiona tajiri, na ndiyo maana kila kiwanja kina watu wengi nyuma yake kuliko unavyowaona siku ya kuoneshwa.

Tuanze na kile unachokinunua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ikawa ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ikaweka utaratibu wa haki ya matumizi, ambayo anapewa Mzanzibari. Kwa hiyo yule anayekwambia "nakuuzia ardhi yangu" anakuuzia haki yake ya kuitumia, pamoja na kilichomo juu yake. Ukilijua hilo mapema utaelewa kwa nini mkataba wa barazani, hata ukiwa na saini ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na mashahidi wanne, ni mwanzo tu wa safari. Kuna Kamisheni ya Ardhi, kuna uhaulishaji, yaani kuhamishia haki kwa jina lako, kuna upimaji, kuna kibali cha ujenzi. Kila kituo kina karatasi yake na kila karatasi ina siku zake. Anayekwambia atakumalizia yote kwa wiki moja, mshukuru kisha uondoke.

Halafu kuna zile eka tatu tatu zilizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Zilitolewa zilimwe. Leo mjukuu wa aliyepewa anazikata viwanja vya futi kadhaa kwa kadhaa, anauza kimoja kimoja, na mnunuzi anaona bei imekuwa rahisi. Urahisi huo una sababu yake. Kabla hujatoa hata shilingi ya arbuni, nenda Ardhi ukaulize eneo lile limepangiwa nini: makaazi, kilimo, au njia ya umeme mkubwa.

Sasa warithi.

Kulikuwa na kiwanja Wete, mahali pazuri, karibu na njia. Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa karafuu, kaacha mke na watoto wakubwa. Tulikwenda kuzungumza. Watoto wa kiume wamekaa barazani, sheha yupo, dalali yupo, kahawa inazunguka. Kaka yao mkubwa akasema, "Sisi tumeshakubaliana, dada. Lete mkataba tutie saini." Dalali akanitazama kwa jicho la kunihimiza.

Nikaomba ruhusa niingie ndani niwaamkie wenyeji. Uani Bi mkubwa alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, mabinti zake wawili pembeni. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka. Tukaulizana hali, tukaulizana ukoo, maana Wete hupiti bila kuulizwa wewe wa kina nani. Mwisho nikauliza, "Bi mkubwa, na nyinyi mmeridhia kuuza?"

Binti mdogo akajibu kabla ya mama yake. "Turidhie nini, dada? Sisi tumeambiwa mnakuja kupima tu."

Bi mkubwa hakuinua macho kwenye ungo. "Na yule mwanangu aliyefia Tanga," akasema, "mkewe na wanawe wameulizwa?"

Barazani hakuna aliyemtaja huyo wa Tanga. Alifariki baada ya baba yake, kwa hiyo fungu lake lilikwishakuwa lake, na kwa kufa kwake likazaa mafungu mengine: mke wake thumuni, yaani moja ya nane, mama yake, huyu huyu Bi mkubwa, sudusi, yaani moja ya sita, na kilichobaki ni cha watoto wake. Wale vijana wa barazani hawakuwa matapeli. Walikuwa wamesahau, au walidhani kwamba mtu wa mbali si mtu. Lakini yule mjane wa Tanga angekuja siku moja na wanawe wamekua, akakuta ghorofa juu ya haki yao, na mahakama ingemsikiliza.

Nikarudi barazani nikasema tungoje. Tukaenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mirathi ikapigwa hesabu vizuri, watu wa Tanga wakaja kutia saini, kila mmoja akalipwa fungu lake mkononi mwake, mabinti nao wakalipwa lao bila kupitia kwa kaka yao. Ilichukua muda mrefu kiasi cha dalali kuninunia. Nyumba niliyojenga pale nimeshaiuza, na mnunuzi wake analala usingizi.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza kwa anayeanza: ingia uani. Ukiwa mwanamume, nenda na shangazi yako au mkeo aingie badala yako. Barazani utaambiwa bei, uani utaambiwa habari. Mimi kuwa mwanamke katika kazi hii wengi walidhani ni kikwazo, na kwa mafundi kidogo kilikuwa kikwazo, lakini kwenye ununuzi wa ardhi nawashinda wanaume wengi kwa sababu hii moja tu.

Uliza pia habari ya miti. Pemba khasa, na Unguja mashamba, mkarafuu, mnazi au mwembe unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi. Babu alipanda kwa ruhusa, akarithisha, na wajukuu wanakuja kuchuma kila msimu. Wewe umenunua kiwanja, umeleta tingatinga, mzee mmoja anatokea na panga lake mkononi akitetemeka kwa hasira, na haki anayo. Jambo hili la kilichopo juu kuwa na bwana wake na udongo kuwa na bwana mwengine ni la zamani sana kwetu. Ng'ambo ya mji, mwaka 1928, watu waligoma kulipa kodi za viwanja: banda ni lake mtu, kalijenga kwa jasho lake, lakini mahali lilipokaa ni pa mwengine na kodi inapandishwa kila akitaka. Miti ihesabiwe, iandikwe, wenyewe walipwe, kisha ndiyo ukate. Ukikutana na mkarafuu unaozaa, fikiri mara mbili kama kweli lazima ukatwe. Mara nyingi ramani ikisogea kidogo tu unabaki.

Jengine ambalo vijana wa Kizanzibari wanalichezea ni kuazimisha jina. Mgeni anataka ufukwe Paje au Jambiani au Nungwi, sheria haimpi haki ya ardhi kama Mzanzibari, basi anamtafuta kijana, anampa fedha, jina la kijana linaandikwa, na pembeni wanatiliana karatasi ya siri. Nimewaona walioingia humo wakicheka na wakatoka wakiwa hawasalimiani hata msikitini na ndugu zao, kwa sababu kijana akifa, warithi wake hawaijui karatasi ya siri. Wanajua jina. Na mgeni naye, akikorofishana na kijana, hana pa kwenda kushitaki kitu ambacho mwenyewe alikificha. Njia ya halali ipo wazi. Mwekezaji anapita ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, anapata ukodishaji wa muda mrefu. Anayetaka fleti moja, sheria ya majengo ya fleti ya mwaka 2010 ilimfungulia mlango, na ndiyo maana Fumba leo unaona wageni wananunua kwa mkataba wa miaka 99. Wanaonunua kwenye miradi iliyosajiliwa kwa kuanzia dola 100,000 wanaweza hata kuomba kibali cha ukaazi. Kijana, jina lako ni mtaji. Litumie kujenga chako.

Karatasi zikishakuwa safi, nenda kakitazame kiwanja wakati wa masika. Si Januari, jua linawaka, dalali kavaa kofia. Nenda Aprili, mvua ikishapiga siku tatu mfululizo, na viatu vya mpira. Wanaoijua Mwanakwerekwe na Sebleni wanajua nasema nini. Uliza majirani maji yanapita wapi, na usitosheke na jibu la mmoja. Kule pwani ya mashariki ya Unguja udongo ni kidogo, chini ni jiwe la matumbawe. Msingi utakuwa mzuri lakini kuchimba karo, shimo la maji machafu, kutakula fedha ambayo hukuipangia, na karo likiwa fupi majirani watakujua kwa harufu. Pemba kinyume chake: udongo upo, vilima vipo, na mvua ikija udongo unashuka na kila kilichokaa juu yake. Kuta za kuzuia udongo zisiwe jambo la kukumbuka mwisho. Kisima nacho kipimwe kabla. Karibu na bahari unaweza kuchimba ukapata maji ya chumvi, na hapo utanunua maji ya gari maisha yako yote.

Ufukweni usipande ukuta hadi kwenye povu. Kuna mita 30 za kuacha kutoka maji yanapofika yakijaa, na hata kama sheria isingekuwepo, bahari yenyewe ipo. Nimeona kuta za hoteli zikitafunwa kila msimu wa upepo wa kusi.

Ujenzi wenyewe nitausema kwa ufupi, maana wapo wengi wa kukufundisha. Mchanga kwetu ni adimu, uchimbaji wake uko chini ya Serikali na una vibali. Atakayekuletea mchanga usiku kwa bei nafuu huenda kauzoa pwani, na chumvi yake itakula nondo zako kimya kimya mpaka dari lipasuke. Saruji na nondo zinavuka bahari, kwa hiyo agiza kabla hujaishiwa, khasa Pemba, ambako bahari ikichafuka kusi unaweza ukakaa na mafundi wanaokula na hawafanyi kazi. Slebu ikimwagwa imwagiliwe maji, asubuhi na jioni, wiki nzima bila kukosa. Fundi atakwambia siku tatu zinatosha. Mwambie ahsante na umweke kijana wako wa kumwagilia.

Fundi mlipe kwa hatua, msingi, ukuta, linta, kupaua, lipu, na bakisha fungu la maana mpaka masika moja ipite juu ya nyumba. Andika hivyo kwenye mkataba tangu mwanzo ili isiwe ugomvi. Mvua ni mkaguzi asiyepokea chai.

Na kalenda yako iwe ya hapa. Ramadhani kazi zinakatika mchana, hiyo ni kawaida, usimwage slebu kumi la mwisho. Kabla ya Iddi kila mtu atataka fedha, hata yule uliyemaliza naye. Pemba, msimu wa karafuu ukifungua, vibarua wote wanakukimbia. Kijana anayechuma karafuu na kuanika anapata fedha taslimu, kwa nini akubebee karai? Usiwapandishie mshahara ukashindana na mkarafuu, utashindwa. Panga kazi za ndani zinazohitaji watu wachache, milango, umeme, bomba, uwaache watu wachume.

Kuhusu mtaji. Wengi wetu hatutaki riba, na sasa yapo madirisha ya kiislamu kwenye mabenki, PBZ wana lao. Benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa bei inayojulikana, unalipa kidogo kidogo. Soma mkataba kama unavyousoma wa riba, maana kuchelewa ni kuchelewa. Njia nyengine ni kuuza nyumba ikiwa bado kwenye ramani, wanunuzi wanalipa kwa awamu na wewe unajenga. Njia nzuri, na ndiyo inayowaangusha watu heshima. Fedha ya mnunuzi wa jengo hili isimalizie jengo lile. Iwe na akaunti yake, na kila awamu iendane na hatua anayoweza kuiona kwa macho, au mjomba wake akaenda kuiona kama yeye yuko Maskati au London. Watu wa nje wanatumiwa picha nyingi. Mpe na namba ya jirani.

Na ndugu yako aliyesema "anza tu, nitakutumia"? Andikianeni. Ni mkopo, ni ubia, au ni zawadi? Nimeona nyumba nzuri mno Bububu imebaki boma miaka, miti imeota sebuleni, kwa sababu ndugu wawili wa tumbo moja waliona haya kuandikiana.

Tunafika baada ya paa, ambapo watu wanadhani kazi imekwisha.

Nyumba isiyouzwa inakula. Inataka mlinzi, inataka rangi, hewa ya chumvi inatafuna mageti, makufuli na mashine za kiyoyozi hata kama hakuna anayezitumia. Kwa hiyo kwenye hesabu yako ya mwanzo weka muda wa kukaa bila mnunuzi, na uwe mrefu kuliko unavyotamani. Mimi binafsi hesabu ikinionesha faida pale tu nyumba zote zitakapouzwa mara moja, naiacha.

Fleti ni jambo jengine kabisa. Ukiuza fleti kumi na mbili hujauza nyumba kumi na mbili, umeanzisha kijiji. Nani analipia pampu? Nani anamlipa mzoa taka? Taa ya ngazi ni ya nani? Wa chini kabisa anasema ngazi haitumii, kwa nini achangie. Wa juu anasema paa likivuja linamvujia yeye peke yake, kwa nini asubiri kikao. Mambo haya tunayo mfano wake mkubwa katikati ya mji. Majumba ya Michenzani, na yale ya Kikwajuni na Kilimani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalikuwa fikra kubwa, kumtoa mtu kwenye banda la udongo na kumpa ukuta wa saruji na choo cha ndani. Hata Wete, Chake Chake na Mkoani yakajengwa. Mimi siyadharau hata kidogo, watu wengi wazito wamelelewa mle. Lakini maji yaliposhindwa kupanda, wa juu walibeba ndoo, na anayebeba ndoo ngazi nne hana muda wa kusifu fikra. Jengo refu bila utaratibu wa kulitunza linachoka haraka kuliko banda.

Basi mchango wa jengo uandike kwenye mkataba wa kwanza kabisa wa mauzo, kiasi na tarehe, na uanze kuukusanya siku ya kukabidhi funguo. Ukisubiri wahamie kwanza ndipo muelewane, hamtaelewana. Kama jengo lako ni la ghorofa tatu, achana na lifti. Fedha ya lifti itie kwenye tangi kubwa la chini, tangi la juu, na pampu mbili, moja ikifa nyengine inashika. Na uliza mnunuzi yeyote wa umri wangu atakwambia habari za jenereta, maana hatujasahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima bila umeme kwa hitilafu ya njia inayotuletea umeme kutoka bara. Siku hizi waya ni mpya, lakini mnunuzi akiona mahali pa kuweka jenereta pamejengwa tayari anatulia.

Wanaoniuliza kuhusu Mji Mkongwe nawaambia ni kazi nyengine yenye watu wake. Nyumba ni za mawe na chokaa, dari zimelala juu ya boriti, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo usiahidi ukumbi mpana. Usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unauziba usipumue, unyevu unabaki ndani unaula. Mamlaka ya Mji Mkongwe itataka kujua mpaka rangi ya dirisha, na ni haki yao, mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Sote tuliona Beit al-Ajaib, jumba la 1883, sehemu yake ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile lilikuwa jumba maarufu, lenye watu wa kulifikiria. Hiyo ya kwako ya kichochoroni je? Ukiwa na mtaji mdogo usianzie hapo.

Uanzie wapi, basi? Pemba nakupenda, lakini nitasema kweli: soko la kuuza nyumba bado ni dogo. Mpemba anajenga mwenyewe, kidogo kidogo, msimu wa karafuu huu msingi, msimu ule ukuta, na haoni kwa nini anunue ya mtu. Wanaotafuta nyumba ni wa kukodi, walimu, madaktari, maofisa waliohamishwa. Chake Chake ukipata kiwanja kwenye njia, jenga maduka chini na nyumba mbili juu, ukodishe, ukae kimya.

Unguja, mtu mwenye mtaji wa kwanza namwelekeza Tunguu. Kuna kampasi ya SUZA, chuo kikuu cha taifa, kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar, na wanafunzi wanakuja kila mwaka. Vyumba vya wanafunzi havina fahari, hutopigwa picha na gazeti, lakini vitakufundisha yote niliyoyasema kwa kipimo kidogo: karo, majirani, mchango, mpangaji anayechelewa kulipa, fundi anayekimbia. Weka kwenye mkataba wageni mwisho saa ngapi, na nani analipia umeme wa pasi. Tenga jengo la wasichana na la wavulana, wazazi watakuletea wapangaji wenyewe bila dalali. Na tangi la maji la pili lifungwe kabla hujatangaza chumba cha kwanza, maana saa moja asubuhi wote wanataka kuoga kwa pamoja.